Bunduki, Kamera na Ndege wa Bahari Kuu

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu ndege waishio mbali baharini, mahali ambapo nchi kavu haionekani upande wo wote. Na hasa yanahusu jinsi watu walivyopata kuwajua. Najua ya kuwa wengi wenu mnakaa Tukuyu, Masoko, Mwakaleli na Kiwira, na ya kuwa kutoka kwenu mpaka bandari ya Dar es Salaam ni safari ya kilometa kama 900 kwa barabara. Mtu aweza kuuliza, "Sisi watu wa migomba na chai, ndege wa bahari watuhusu nini?" Nawaomba mnivumilie mpaka mwisho, maana habari hii yaanza baharini, lakini itatufikisha katika msitu wa Mlima Rungwe.

Kwanza yatupasa kupambanua ndege wa pwani na ndege wa bahari kuu. Mtu ashukaye Itungi au Matema, penye ufuko wa Ziwa Nyasa, huwaona mnandi wakianika mabawa yao juani, na kwazi akishuka na kunyakua samaki kwa makucha. Ndege hao huvua majini, lakini jua likichwa hurudi kulala mitini au majabalini. Wako ndege wengine ambao nchi kavu kwao ni mahali pa kutagia tu. Wakisha kulea kinda lao huondoka, wakakaa baharini miezi mingi bila kukanyaga ardhi. Hunywa maji ya chumvi, na chumvi iliyozidi huwatoka puani.

Mkubwa wao ni albatrosi, ambaye mabawa yake yakinyoshwa yaweza kupita meta 3 toka ncha hata ncha. Wadogo ni petreli wa dhoruba, ambao baadhi yao wamezidi kidogo tu ukubwa wa mbayuwayu. Nao hupita katikati ya mawimbi ambayo yangeweza kuzamisha mtumbwi. Wengi wa jamaa hii hutaga katika mashimo ya visiwa vya mbali, na huingia na kutoka usiku tu, kwa kuogopa maadui. Kwa hiyo mtu aweza kukaa karibu na kisiwa chao miaka mingi asiwaone hata mara moja. Yuko pia mmoja wa jamaa ya shakwe, mweusi mgongoni na mweupe tumboni. Kinda wake akiisha kuruka kutoka kiotoni huweza kukaa miaka kadhaa kabla ya kutua tena nchi kavu. Tena hawezi kukaa sana juu ya maji, maana manyoya yake hulowa. Basi maisha yake ni kuruka mchana na usiku.

Ndege kama hawa wako hata katika bahari yetu. Kusini-mashariki ya Unguja, zaidi ya kilometa 50 kutoka kisiwa hicho, liko fungu dogo la mawe na mchanga, tambarare, lisilo na mti wala kisima. Wazungu waliliita Latham, kwa jina la merikebu moja ya Kiingereza ya karne ya 18. Lakini wenyeji huliita Fungu Kizimkazi, kwa jina la mji wa Kizimkazi ulio kusini ya Unguja. Jina hilo peke yake latosha kutuonyesha kwamba wavuvi wa Kizimkazi walilihesabu fungu hilo kuwa lao. Hapo ndege wa bahari hutaga kwa maelfu, mayai yao yakiwa wazi juu ya ardhi, wala hapana cho chote cha kuwakinga ila umbali.

Sasa natuulize: mtu akisema, "Nimeona huko baharini ndege asiyepata kuonekana," ataaminiwa kwa ushahidi gani? Hili ndilo jambo kubwa katika habari yetu, maana ushahidi uliotakwa zamani ulikuwa na gharama, na aliyeilipa gharama hiyo ni ndege mwenyewe.

Hapo kale wenye elimu ya viumbe walikuwa na kanuni moja: kiumbe asiyeletwa mezani hajulikani. Ndege alipigwa kwa bunduki, akachunwa, ngozi yake ikajazwa pamba, ikafungwa kipande cha karatasi chenye tarehe na mahali, ikapelekwa katika jumba la makumbusho Ulaya au Marekani. Nchi yenu yenyewe iliingia katika vitabu kwa njia hiyo. Kabla ya mwaka 1900 alikaa katika nchi za Nyasa dakitari mmoja wa jeshi la Wajerumani, jina lake Friedrich Fülleborn. Alikusanya ndege wengi, na ngozi zao zikapelekwa Berlin. Mwaka 1900 Bwana Anton Reichenow wa makumbusho ya mji huo aliandika habari zao, na watatu kati yao akawapa jina la dakitari huyo. Mmoja ni ndege mweusi wa misituni. Wa pili hukaa katika majani ya nyanda za juu, naye ana koo la manjano. Wa tatu ana kifua cheupe, hukaa chini ya miti mikubwa, na hupenda kufuata safari za siafu ili ale wadudu wanaokimbia.

Wachungaji na wawindaji wa nyanda za juu waliwaona ndege hao tangu zamani za mababu, lakini katika vitabu walianza kuwako mwaka 1900. Tusidhani kwamba kitabu ndicho kilichowaumba. Wala tusiwacheke watu wa siku hizo kwa kutumia bunduki. Ngozi yaweza kupimwa kwa rula, ikalinganishwa na ngozi nyingine, ikachunguzwa tena na watu wa miaka 100 baadaye. Maneno matupu hayapimiki.

Baharini kanuni ilikuwa ile ile. Mwaka 1912 kijana mmoja Mmarekani, Robert Cushman Murphy, alipanda merikebu ya kuwinda nyangumi iliyoitwa Daisy, akasafiri mpaka bahari za baridi za kusini, akarudi mwaka 1913. Siku za utulivu alishuka katika mashua ndogo, akawapiga ndege walioruka karibu naye, na kuwaandika. Baada yake alikuwako Mmarekani mwingine, Rollo Beck, aliyezunguka miaka mingi katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki akikusanya ndege kwa ajili ya makumbusho ya New York. Mwezi wa Januari 1928, mashariki ya kisiwa cha New Ireland, Beck alipiga petreli mmoja wa rangi ya kahawia mwenye tumbo jeupe. Mwezi wa Mei 1929 alipiga mwingine katika Visiwa vya Solomon. Murphy alimchunguza yule wa kwanza, akaona ni wa aina isiyojulikana, akamwita kwa jina la Beck. Ndege hao wawili wakawekwa sandukuni New York. Na baada yao pakawa kimya. Watu walijiuliza kama bado wako wengine, au kama wamekwisha kabisa duniani.

Hapo yafaa tufikiri kidogo. Petreli na albatrosi hutaga yai moja tu kwa msimu, tena wengi wao hawaanzi kutaga mpaka wawe na umri wa miaka kadhaa. Kwa ndege wa namna hii, kumpoteza mmoja aliyekomaa ni hasara isiyolipika upesi. Ikiwa ndege ni adimu, basi kila ushahidi wa bunduki waongeza uadimu ule ule unaoshuhudiwa.

Wakati huo huo chombo kingine kilikuwa kikikua polepole, nacho ni kamera. Huko Uingereza walikuwako ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton. Mwaka 1892 Cherry alipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai, na mwaka 1895 ndugu hao wakatoa kitabu cha viota kilichojaa picha zilizopigwa porini. Kamera zao zilikuwa za mbao, nzito, na picha zilinaswa katika vioo, kimoja kimoja. Tena ndege hakubali kukaribiwa na mtu. Basi wakabuni hila: walichukua ngozi ya ng'ombe, wakaitandika juu ya kiunzi cha mbao, kikawa ng'ombe kamili, mpiga picha akaingia tumboni na kamera yake, akangoja. Ninyi mnaofuga ng'ombe mwaweza kujua ng'ombe halisi wangalimtazama namna gani mwenzao huyo asiyekula majani. Lakini ndege walimzoea, na picha zikapatikana. Cherry Kearton huyo alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1909, akapiga picha za sinema za wanyama wetu.

Hila hiyo yafaa malishoni, baharini haifai. Chombo chayumba, ndege apita kwa kasi, maji ya chumvi yarukia kioo, na mwanga wabadilika kila wimbi lipandapo. Kwa muda mrefu picha ya petreli ilikuwa doa jeusi juu ya maji meupe, asiweze mtu kujua kama ni ndege au ni uchafu wa kioo. Mambo yalibadilika pole pole, kwa lenzi zivutazo mbali, kisha kwa kamera za siku hizi zisizotumia filamu, ambazo zaweza kupiga picha nyingi kwa nukta moja. Mpiga picha hupiga mia, akatupa tisini na tisa, na ile moja iliyobaki yaonyesha kila unyoya wa bawa.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Mashua hutoka alfajiri mpaka penye kina kirefu. Petreli wana pua kali, hunusa chakula kutoka mbali sana. Kwa hiyo watu humwaga baharini mafuta ya samaki na matumbo yaliyosagwa, wakangoja. Kwanza haji hata mmoja. Baada ya muda yaonekana nukta moja upande wa chini ya upepo, ikija kwa kupinda huku na huku kufuata harufu. Mmoja hutazama kwa darubini na kueleza kwa sauti aonayo: rangi ya tumbo, urefu wa mkia, namna ya kupiga mabawa. Mwingine hupiga picha. Wa tatu huandika saa na mahali, maana picha isiyo na tarehe wala mahali ni kama barua isiyo na jina.

Kwa njia hiyo mambo ya ajabu yametokea. Katika New Zealand kulikuwa na petreli mdogo wa dhoruba aliyejulikana kwa ngozi tatu tu za karne ya 19, zilizohifadhiwa Ufaransa na Uingereza. Watu walidhani amekwisha toweka. Mwezi wa Januari 2003 ndege anayefanana naye alipigwa picha baharini, na wengine wakadhani ni wa aina nyingine inayojulikana. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule watu walitoka tena, wakaona kundi zima, wakapiga picha zilizo safi. Picha hizo zikalinganishwa na zile ngozi za zamani, michirizi ya tumboni ikaonekana kuwa ni ile ile. Baada ya hapo wataalamu waliwanasa baadhi yao baharini kwa nyavu, wakawafunga redio ndogo sana, wakawaachilia. Mwaka 2013 sauti za redio hizo ziliwafikisha katika msitu wa kisiwa cha Hauturu, si mbali na mji mkubwa wa Auckland. Hapo ndipo walipokuwa wakitaga siku zote, jirani ya watu wengi, bila mtu kujua. Kisiwa hicho kilikuwa kimekwisha ondolewa paka mwaka 1980, na panya mwaka 2004.

Na yule petreli wa Beck? Mwaka 2007 Bwana Hadoram Shirihai alikwenda katika bahari ile ile ya New Ireland. Taabu yake ilikuwa kwamba kuna petreli mwingine anayefanana sana na wa Beck, ila amezidi umbo. Na juu ya bahari tupu hapana mti wala nyumba ya kulinganisha ukubwa. Lakini kwa kukaa siku nyingi, na kwa kuwaona mara kwa mara, alipata picha zisizo na shaka. Tena aliwaona vijana wao, ishara ya kuwa bado wanazaa. Karibu miaka 80 ilikuwa imepita tangu risasi ya Beck. Safari hiyo ilipata hata mwili wa ndege mmoja, lakini huyo hakupigwa. Aliokotwa baharini akiwa amekwisha kufa.

Bahari yetu nayo ina siri zake. Yuko petreli mmoja wa kahawia iliyokoza, anayepita katika Bahari ya Hindi mpaka mbele ya pwani ya Kenya. Wenye elimu hawakumtambua kuwa ni aina ya peke yake mpaka mwaka 1955, kwa kazi ya Mfaransa Christian Jouanin, na viota vyake vimepatikana katika majabali ya kisiwa cha Sokotra. Siku hizi wapenda ndege wa Watamu hutoka kwa mashua kwenda kumtazama yeye na wenzake, wakapiga picha na kuandika. Mabaharia wetu walipita katika maji hayo kila kaskazi na kila kusi kwa karne nyingi, na Sokotra ilikuwa katika njia za majahazi. Ni vigumu kusadiki kwamba hapana nahodha aliyemwona ndege huyo. Alionekana, lakini hakuandikwa. Na lisiloandikwa husahauliwa na wajukuu.

Sasa tupande kutoka pwani turudi Rungwe, kama nilivyoahidi. Mwezi wa Januari 2003, mwaka ule ule wa petreli wa New Zealand, wataalamu wa shirika moja la kuhifadhi wanyama, wakiongozwa na Bwana Tim Davenport, walikuwa wakizungumza na wawindaji wa Mlima Rungwe juu ya wanyama wa msitu. Wawindaji wakamtaja kima mmoja mwenye haya, aitwaye kipunji. Wageni wale walisita, kwa sababu katika masimulizi ya msitu wanyama wa kweli huchanganyika na wale wa hadithi. Lakini hawakulidharau jambo lile. Walimtafuta karibu mwaka mzima, na mwezi wa Desemba wakamwona wazi: kima mkubwa wa kahawia, mwenye manyoya marefu yaliyosimama juu ya kichwa. Mwaka 2004 mtaalamu mwingine, Bwana Trevor Jones, akamwona kima huyo huyo katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa.

Ndipo lilipokuja swali lile la bunduki na kamera. Kima wenyewe ni wachache, nao waliona haifai kumwua mmoja ili kuthibitisha kuwa yuko. Mwaka 2005 wakamtangaza kwa ulimwengu kwa picha na kwa sauti yake iliyonaswa, bila ngozi. Wengine walilalamika, wakisema picha haitoshi. Kisha mwaka ule ule kijana mmoja wa kima hao alikutwa amekufa katika mtego wa mkulima huko Rungwe. Mwili wake ulichunguzwa, na yakajulikana mambo ambayo picha haikuweza kuyaeleza: kipunji yu karibu na nyani kwa nasaba, kuliko wale kima aliodhaniwa kuwa ndugu zao. Mwaka 2006 akapewa ukoo wake peke yake, unaoitwa Rungwecebus, kwa jina la mlima wenu. Katika Afrika ukoo mpya wa kima haukuwa umepatikana tangu mwaka 1923.

Wasikilizaji, tazameni jinsi habari hizi mbili zilivyofanana. Petreli wa Beck na kipunji wa Rungwe wote walithibitishwa kwa picha; wote mwili wao ulipatikana baadaye bila mtu kuwaua kwa ajili ya elimu. Picha husema, "Yupo, naye yu hai." Mwili husema, "Hawa ndio jamaa zake." Vyote viwili vina kazi, lakini haraka ya kuua ili kujua haina udhuru tena, hasa kwa viumbe waliobaki wachache. Jambo la tatu ni hili: kabla ya bunduki na kabla ya kamera lilikuwako jicho la mwenyeji. Wavuvi walikuwa na Fungu Kizimkazi, na wawindaji walikuwa na jina la kipunji. Mwenye elimu apuuzaye neno la mwenyeji huchelewa kufika. Na mwenyeji asiyeandika ajualo huacha mwingine aliandike kwa jina jingine.

Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wa Rungwe mfanye kazi moja isiyohitaji kamera wala mashua. Chukueni daftari. Andikeni ndege mnaowaona, jina lao kwa Kinyakyusa na kwa Kiswahili, tarehe, mahali, na walichokuwa wakifanya. Waulizeni wazee majina ambayo ninyi hamyajui, maana kuuliza si ujinga. Daftari la namna hiyo, likiandikwa kwa kweli bila kuongeza chumvi, ni ushahidi.

Na kwa wale ambao bado wauliza bahari yatuhusu nini, jibu limo katika mito yenu. Mvua ya Mlima Rungwe huingia Kiwira na Mbaka. Mito hiyo humwagika Ziwa Nyasa. Ziwa hutoka kwa mto Shire. Shire huingia Zambezi. Na Zambezi humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi. Ndege wa bahari kuu huokota chakula juu ya maji, na wengi wao hufa kwa kumeza vipande vya plastiki wakidhani ni samaki. Mto hubeba kila kitu utupiwacho. Basi atupaye takataka Kiwira asidhani kwamba zimekwisha pale zilipopotea machoni pake.